Diyezi, Bemoli na Bekari: Amri Tatu Tulizozielewa Kobero

Dereva wa lori atokaye Muyinga kuelekea Dar es Salaam hufika Kobero akiendesha upande wa kulia wa barabara. Akishauvuka mpaka na kuingia Kabanga, katika Wilaya ya Ngara, hana budi kuhamia kushoto, kwa kuwa ndivyo sheria ya Tanzania isemavyo. Wakati huo huo saa yake ya mkononi huwa imekwisha kupitwa: ikiwa Burundi ni saa mbili ya asubuhi, kwa jirani ni saa tatu kamili. Jua ni lile lile na vilima ni vile vile. Kilichobadilika ni kanuni. Na kanuni hiyo mpya haipigi kelele. Huwekewa alama moja kando ya njia, naye asiyeiona alama hiyo hukutana uso kwa uso na lori lijalo.

Tumeanza na habari za malori kwa sababu ni Kobero tulikolielewa barabara jambo ambalo chuoni, tulipokuwa maofisa wanafunzi, tulilikariri tu. Jambo lenyewe ni zile alama tatu ndogo ziandikwazo kando ya nota za muziki: ile ya kupandisha sauti, ile ya kuishusha, na ile ya kuirudisha mahali pake. Sisi wa Burundi, tuliosomeshwa kwa Kifaransa, huziita diyezi, bemoli na bekari. Ndugu zetu wa Tanzania, Kenya na Uganda, waliosomeshwa kwa Kiingereza, huziita shapu, flati na nacharo. Askari wengi huamini kuwa mambo haya ni ya watu wa bendi peke yao. Lakini hakuna askari wala polisi asiyesimama wima wimbo wa taifa upigwapo, na uzima wa wimbo huo hutegemea kama mtu mmoja katika safu ya matarumbeta ameiona alama ndogo kuliko punje ya mtama, au hakuiona.

Na tuanze na chombo ambacho kila mwenye sare anakijua. Baragumu la kambini, lile liamshalo watu alfajiri na kuwalaza usiku, ni bomba la shaba lisilo na kitufe hata kimoja. Mpigaji hubadilisha sauti kwa midomo na pumzi tu, na bomba nalo humpa sauti chache zilizopangwa na maumbile yake: do, sol, do ya juu, mi, na sol nyingine juu yake. Miito yote ya kambini imeshonwa kwa sauti hizo. Kwa hiyo mpiga baragumu aweza kulitumikia jeshi miaka ishirini asikutane na diyezi wala bemoli, maana chombo chake hakina mahali pa kuziweka. Hali kadhalika ngoma zetu za kifalme, ambazo huvuma hadi leo pale Gishora karibu na Gitega, na ambazo mchezo wake uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2014. Ngoma huzungumza kwa mdundo na kwa nguvu ya mkono. Hatujasikia mpiga ngoma aliyeulizwa kama amepiga fa au fa diyezi.

Taabu huanza askari akabidhiwapo tarumbeta yenye vali tatu. Mapenzi ya askari kwa shaba si ya jana. Ngoma ya beni, iliyozuka pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 kwa kuziiga bendi za kijeshi, ilienezwa na askari na wapagazi mpaka ndani ya bara wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na neno beni lenyewe si jingine ila bendi. Ila kupenda ni jambo moja, na kusoma karatasi ni jambo jingine.

Majina ya sauti ni saba: do, re, mi, fa, sol, la, si, kisha do hurudi tena juu yake. Waingereza hutumia herufi, nao huanza hesabu kwenye la, wakaiita A; hivyo do yetu kwao ni C, na si yetu ni B. Mtu huyawaza majina hayo kama vidato vya ngazi ya mti vilivyoachana sawasawa. Sivyo. Kati ya mi na fa, na kati ya si na do, nafasi ni nusu tu ya ile iliyo kati ya vidato vingine. Nafasi hiyo ndogo ndiyo nusu toni, na ile kubwa ni toni nzima. Atazamaye kinanda huliona jambo hili kwa macho: kati ya vibao vyeupe vya mi na fa hakuna kibao cheusi, wala kati ya si na do; kwingineko kote kimo kimoja. Vyeupe saba na vyeusi vitano hufanya kumi na viwili, na hizo ndizo sauti zote ambazo muziki wa bendi unazo.

Mpangilio huo, yaani toni mbili, nusu, toni tatu, nusu, ndio unaoifanya ngazi ya do isikike kama tuijuavyo. Sasa kiongozi wa bendi aseme: wimbo huu uko chini mno kwa waimbaji, tuanzie sol. Atapanda sol, la, si, do, re, mi, na hadi hapo hakuna neno. Akiendelea kwenda fa anakwaa. Nusu toni, ambayo ilitakiwa imngoje kidato cha mwisho, imemjia mapema, kati ya mi na fa. Kidato cha fa kimekaa chini. Kikisogezwa juu kwa nusu toni, ngazi inatengemaa, na alama ya kukisogeza ndiyo diyezi. Aanzie fa badala ya sol, atakwama kwa namna nyingine: fa, sol, la, kisha si, ambayo iko juu kupita haja. Sharti ishushwe, na alama ya kuishusha ndiyo bemoli. Kumbe basi alama hizi hazikubuniwa kwa kuwasumbua makuruta wa muziki, ingawa sisi tulidhani hivyo. Ziliwekwa ili wimbo upate kuhama mahali bila kupoteza sura yake, kama kikosi kihamavyo kambi kikabaki kikosi kile kile.

Majina yenyewe yana asili ya kupendeza. Katika Ulaya ya kale, waimbaji wa kanisani walioifuata njia ya mtawa Guido wa Arezzo, wa karne ya 11, walikuwa na sauti moja iliyoruhusiwa kuwa na hali mbili, nayo ni ile tuiitayo si, ambayo wao waliiandika kwa herufi b. Ikiwa ya chini waliiandika kwa b ya mviringo, wakaiita b laini; ikiwa ya juu waliiandika kwa b ya pembe, wakaiita b ya mraba. Bemoli ni hiyo "b laini", na atazamaye alama yake leo ataiona b ile ile. Bekari ni "b ya mraba", na mraba wake ungalipo katikati ya alama. Diyezi nayo ilichipuka kutoka umbo hilo hilo la pembe. Wajerumani waliisoma ile b ya mraba kama herufi h, na hadi leo Mjerumani husema H pale Mwingereza asemapo B, na akisema B maana yake ni si bemoli. Hili si jambo la mbali nasi. Mji wa Gitega uliasisiwa na utawala wa Kijerumani mwaka 1912, na wakati ule hapakuwa na mpaka wa dola mbili Kobero. Huku na huko palikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Lau askari wa zama zile angaliamriwa na Mjerumani apige B, angalipiga sauti ambayo mjukuu wake, aliyefundishwa na Mwingereza, angaliiita kosa.

Tufike sasa kwenye kiini. Kila amri ya kijeshi huulizwa maswali matatu: inamhusu nani, inaanza lini, inakoma lini. Alama hizi nazo huulizwa maswali hayo hayo, na jibu la swali la tatu ndilo liwaangushalo wengi.

Mwanzoni mwa kila mstari wa muziki, mara tu baada ya ufunguo, huandikwa kundi la diyezi au kundi la bemoli. Wafaransa huliita armure, neno lile lile walitumialo kwa deraya ya chuma ya askari wa kale. Nasi tutaliita deraya. Deraya ni amri ya kudumu. Ikiwa ina bemoli moja kwenye mstari wa si, basi kila si katika wimbo huo, ya juu na ya chini, itashushwa, hata kama mbele yake hapakuandikwa kitu. Alama za deraya hazipangwi ovyo. Diyezi huja kwa zamu isiyobadilika: fa, do, sol, re, la, mi, si. Bemoli huja kwa zamu hiyo ikisomwa kinyume, kuanzia si. Mwenye kuijua zamu hana haja ya kuchungulia: aambiwapo deraya ina diyezi tatu, anajua ni fa, do na sol.

Alama iandikwayo katikati ya wimbo, mbele ya nota fulani, ni amri ya papo. Hii huishi ndani ya kipimo kimoja tu, yaani kati ya mstari mmoja wa wima na mstari wa wima ufuatao, ambayo sisi wanafunzi tuliiita kuta. Ndani ya kuta hizo, kila nota ifuatayo iliyo mahali pale pale hutii. Iliyo oktava nyingine haihusiki, ingawa mwandishi mwema huiwekea alama yake ili kuondoa shaka. Ukuta ukivukwa, amri imekwisha, na deraya hurudi kutawala. Kuna nota moja tu iruhusiwayo kupita na amri yake: ile iliyofungwa kwa upinde na kuvutwa hadi ng'ambo ya ukuta. Bekari ndiyo inayofuta. Hufuta diyezi au bemoli iliyotangulia katika kipimo, au huifuta ya deraya yenyewe. Lakini nayo, kwa nguvu zake zote, hufa ukutani kama nyingine.

Jambo jingine ambalo askari atalielewa upesi kuliko raia: alama huandikwa kabla ya nota, kushoto kwake, ingawa mdomoni huitaja baadaye. Tunasema "fa diyezi", tunaandika diyezi kwanza. Katika gwaride "nyuma" hutangulia na "geuka" hufuata, ili mwili uwe umekwisha kujua kabla ya kutenda.

Kosa tulilolitenda sisi wenyewe ndilo lililotuchimbia haya kichwani. Tulikuwa tarumbeta ya pili katika bendi ndogo ya maofisa wanafunzi, siku za mazoezi ya gwaride la kuhitimu. Deraya ilikuwa na bemoli moja, ya si. Katika kipimo kimoja palikuwa na bekari mbele ya si ya kwanza, na baada ya nota mbili ikaja si ya pili, tupu, bila alama. Ya kwanza tuliipiga kama ilivyoagizwa. Ya pili tukaishusha, tukidhani bekari imekwisha kazi yake. Wenzetu wote wakabaki juu. Sisi peke yetu tukawa nusu toni chini yao. Aliyewahi kusikia tarumbeta mbili zilizoachana nusu toni zikivutwa pamoja anajua kwamba haihitajiwi elimu yoyote kulitambua jambo hilo. Safu nzima ya gwaride iligeuza macho, na kugeuza macho hakuruhusiwi.

Mwalimu wetu wa muziki, sajini wa makamo mwenye sauti ya chini, hakutukemea.

"Bekari ile imefutwa na nani?" aliuliza.

Tukajibu kwamba hatukumwona aliyeifuta.

"Basi kwa nini umeacha kuitii?"

Usiku ule tulinakili ukurasa mzima mara kumi, kwa kalamu ya wino.

Kwa vidole, kosa lenyewe lilikuwa dogo ajabu. Vali ya kwanza ya tarumbeta, ya kidole cha shahada, hushusha sauti kwa toni nzima. Ya pili, ya kidole cha kati, huishusha kwa nusu toni. Ya tatu, kwa toni moja na nusu. Kutoka do isiyobonyezwa, ukibonyeza ya pili unapata si bekari. Ukibonyeza ya kwanza unapata si bemoli. Kidole cha shahada badala ya cha kati: hiyo ndiyo aibu yetu yote ya siku ile. Hapo hapo kwenye vali huonekana siri nyingine. Kutoka sol isiyobonyezwa, vali ya pili hutoa fa diyezi, na vali hiyo hiyo ndiyo itoayo sol bemoli. Kidole ni kimoja na sauti ni moja, ila majina ni mawili. Kwa desturi mwandishi huchagua jina kwa kutazama wimbo unatoka wapi na unakwenda wapi: apandaye kutoka fa kwenda sol hupitia fa diyezi, na ashukaye kutoka sol kwenda fa hupitia sol bemoli.

Tuseme neno la pembeni, asije ndugu msomaji akadhani kuwa sauti kumi na mbili ndizo zote alizoziumba Mungu. Katika taarabu ya Unguja, ambako kikundi cha Ikhwani Safaa kimedumu tangu mwaka 1905, fidla na udi hupita katikati ya vibao vya kinanda, mahali ambapo mi haijawa mi wala haijawa mi bemoli. Mpiga kanuni huinua na kulaza vishikizo vidogo kando ya nyuzi ili kuzipata sauti hizo, na waandishi wa Kiarabu huziandika kwa bemoli iliyokatwa kwa mkwaju. Inanga yetu nayo huwambwa kwa kuifuata sauti ya mwenye kuipiga, na mzee aliyeiweka magotini hakuwahi kuomba ruhusa ya kinanda. Lakini tarumbeta za bendi hazikuundwa kwa hayo, nasi turudi kwenye kazi yetu.

Kazi yetu ilikuwa Kobero. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2010 Jumuiya ikajipatia wimbo wake kwa Kiswahili. Kwa hiyo hafla ya ujirani mwema mpakani huhitaji nyimbo tatu: Burundi Bwacu, ambao muziki wake ulitungwa na Marc Barengayabo tukapata nao uhuru mwaka 1962, wimbo wa taifa la Tanzania, na ule wa Jumuiya. Wanajeshi wasidhani wao ni wapigaji tu: Rwanda ilipobadili wimbo wake mwaka 2002, muziki wake mpya ulitungwa na Jean-Bosco Hashakaimana, mtu wa bendi ya jeshi. Sisi tulitumwa kuandika habari za matayarisho. Kwa kuwa tuliwahi kushika tarumbeta, tukaketi ndani ya chumba cha mazoezi badala ya kungoja nje.

Upande wetu palikuwa na wapigaji wachache: fluti, klarineti, matarumbeta, saksafoni alto moja, honi moja na tromboni. Kutoka ng'ambo ilikuja kwaya, ikiongozwa na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya polisi. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa Tanzania. Lahani yake ni ile ya Enoch Sontonga, mwalimu wa shule wa Afrika Kusini, aliyeitunga mwaka 1897 katika ngazi ya si bemoli, akaiandika kwa sol-fa. Kijana wetu wa fluti aliomba apewe sauti ya kuanzia.

"Do ni B flati," alisema mzee.

"Samahani, mzee wangu," kijana akajibu, "do ni do. B flati yenu ndiyo si bemoli yetu. Haiwezi kuwa do."

"Mwanangu, kwaya yangu hufuata sol-fa. Nyumba ya wimbo ikijengwa hapo, hapo ndipo do."

Mpiga tarumbeta wetu, aliyekuwa akifuta mdomo wa chombo chake, akainua kichwa. "Mbona mzee amesema kweli? Hata kwangu mimi ni do." Akapuliza bila kubonyeza vali, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ile ya mzee.

Watu wakacheka, lakini kila mmoja alikuwa na haki, na kila mmoja kwa sababu yake. Kwa Mrundi aliyesomeshwa kwa Kifaransa, do ni jina la mahali, na mahali hapahami. Kwa mwanakwaya wa sol-fa, njia iliyoenezwa na mchungaji wa Kiingereza John Curwen katika karne ya 19 na kuletwa huku na wamisionari, do ni cheo: huvaliwa na sauti yoyote iliyo kichwa cha wimbo, na wimbo ukihama cheo huhama nao. Mpiga tarumbeta naye hakuwa na habari za mahali wala cheo. Tarumbeta ya kawaida ya bendi imeundwa hivi, kwamba do iandikwayo kwenye karatasi yake hutoka kama si bemoli. Saa yake iko nyuma ya saa ya fluti kwa toni nzima, kama saa ya Kobero ilivyo nyuma ya saa ya Kabanga. Ukitaka Mtanzania na Mrundi wakutane, humwambia mmoja saa tatu na mwingine saa mbili, nao hufika pamoja.

Ndiyo maana katika bendi moja, wimbo mmoja, ukipigwa katika si bemoli, karatasi hazifanani. Fluti na tromboni huwa na bemoli mbili katika deraya. Klarineti na tarumbeta hazina kitu. Honi ya fa ina bemoli moja. Saksafoni alto ina diyezi moja. Mkaguzi asiyejua, akizikusanya karatasi hizo, angalisema kuwa kila mtu ameagizwa jambo lake. Na hapo ndipo ieleweke kwa nini watu wa bendi za shaba huzipenda ngazi za bemoli. Wimbo huo huo ukiandikwa katika re kwa ajili ya kinanda, kinanda kitaona diyezi mbili, lakini tarumbeta itapewa nne na saksafoni alto tano, na katika tano hizo ajali ni jirani.

Wimbo wa Tanzania ulipita salama. Uliofuata, ambao nao ulikuwa umepangwa katika si bemoli, ndio uliotukwamisha. Katika kipimo kimoja mpangaji alikuwa ameweka sauti ya kupita: mi, ambayo deraya ya fluti imeishusha kuwa mi bemoli, irudishwe juu kwa kipimo kile tu. Tarumbeta ya pili ikaikosa. Kiongozi wetu wa bendi akapaza sauti: "Bekari! Pana bekari hapo!"

Mpigaji akainama karibu na karatasi yake. Hapakuwa na bekari. Palikuwa na fa diyezi. Akiwa askari mtiifu, alifanya alichoamriwa: akaifuta diyezi, akapiga fa bekari, na kosa likathibitika kuwa kosa. Akarudia, akapaza zaidi. Uso wa kiongozi ukabadilika.

Mzee wa kwaya ndiye aliyetegua kitendawili. "Kwetu hapo pameandikwa fe," alisema. Katika sol-fa diyezi na bemoli hazina alama ya pembeni. Zimefichwa ndani ya vokali. Fa ikipandishwa huitwa fe. Ile ya saba, waiitayo ti, ikishushwa huitwa ta. Mwanakwaya haoni alama, huona silabi nyingine. Mzee akamwomba kila mpigaji asome kwa sauti kilichoandikwa mbele yake mahali pale. Fluti: mi bekari. Tarumbeta: fa diyezi. Honi: si bekari. Saksafoni alto: do diyezi. Kwaya: fe. Majina matano, na wote walipoitoa kwa pamoja ilikuwa sauti moja, safi kama maji ya chemchemi.

Sisi tulikuwa tumeandika daftarini, miaka mingi nyuma, kwamba diyezi hupandisha, bemoli hushusha, na bekari "haina mwendo". Daftari lilikosea. Bekari ikifuta bemoli, hupandisha. Ikifuta diyezi, hushusha. Kwa mpiga fluti wa Kobero bekari ilikuwa amri ya kupanda, na kwa mpiga tarumbeta neno lile lile likawa amri ya kushuka, naye akashuka. Kosa halikuwa la mpigaji aliyetii, wala la kiongozi aliyeisoma karatasi yake kwa usahihi. Kiongozi alitoa amri kwa lugha ya karatasi yake kwa mtu aliyeshika karatasi nyingine.

Tangu dakika ile kiongozi wetu aliacha kutaja alama. Akataka kitu kiende juu, alisema "pandisha". Akitaka kiende chini, alisema "shusha". Na kila mtu akakitafuta kwenye karatasi yake mwenyewe kilichoandikwa. Penseli moja ya kijani ikapitishwa mkono kwa mkono, kila mpigaji akiizungushia duara nota ile. Mpiga tarumbeta wa pili alizungushia mara mbili. Kipimo hicho kilipigwa peke yake mara sita, kisha pamoja na kile cha kabla yake, kisha na kile cha baada yake, ili kuhakikisha kwamba ng'ambo ya ukuta fa imerudi kuwa fa.

Mazoezi yalikwisha saa kumi na moja jioni kwa saa yetu. Mzee wa kwaya alitazama ya kwake, ambayo hakuwa ameibadilisha alipovuka asubuhi. Ilikuwa imefika saa kumi na mbili. Akawahimiza watu wake wafunge vitabu. Mlangoni alimshika bega mpiga tarumbeta na kumuuliza, kwa upole, kama kesho ataikumbuka ile fe yao.

"Fa diyezi, mzee wangu," kijana akajibu. "Vali ya pili."

"Hiyo hiyo," akasema mzee, akaelekea mpakani.